Baruti Nyeusi na Ndugu Zake wa Kambo

Tangu muhula uliopita kuna jambo moja lililokuwa likinikereketa rohoni, na leo nimeamua kulitoa.

Ilikuwa Jumamosi jioni tulipowekewa filamu ya makauboi wa Marekani ukumbini. Unawajua, wale wa kofia pana na farasi. Jamaa mmoja akachomoa bastola, akafyatua mara mbili, na moshi ukajaa chumba kizima hata adui yake hakuonekana tena. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. "Hiyo bastola ama ni jiko la kuni?" mmoja wetu akauliza, nasi tukacheka. Lakini mwenzetu ambaye baba yake ni askari hakucheka. Yeye alisema bastola za polisi hazitoi moshi kama ule, kwa hivyo ule ulikuwa uongo wa filamu tu. Mwingine akabisha. Mabishano yakaendelea hadi kengele ya kulala.

Jumatatu nikampelekea mwalimu wetu wa kemia swali lile. Nilitarajia jibu la dakika mbili. Yeye akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Kijana, nenda ukasome, kisha uniletee maandishi." Nikamwambia, "Sawa, Mwalimu," huku moyoni nikijuta kuuliza. Basi haya ndiyo maandishi yenyewe, na nimeyaleta Chamani ili tusije tukabishana tena.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kinaita vitu vingi "risasi". Risasi nzima, ile inayotiwa ndani ya bastola, ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba, ambalo ni kama kopo dogo refu. Chini kabisa, kwenye kitako cha ganda, kuna fataki, kitu kidogo kinachotoa cheche kikigongwa. Ndani ya ganda mna baruti. Na juu, likiziba mdomo wa ganda, kuna lile donge la madini linaloruka. Hilo nitaliita kichwa cha risasi. Bomba linamopita kichwa hicho ni mtutu. Mambo yote nitakayoyaeleza yanahusu kile kilichomo ndani ya kopo: baruti.

Baruti ya kwanza duniani ilitoka China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ndiyo tunayoiita leo baruti nyeusi. Imetengenezwa kwa vitu vitatu vinavyojulikana na kila mwanafunzi wa kidato cha pili: shura, makaa na kibiriti, yaani salfa. (Mwalimu aliniomba nisitaje vipimo, nami nimemtii. Tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Sheria ya Vilipukaji, Sura ya 115, na gazeti la Chama cha Kiswahili si mahali pa kuzijaribu.) Makaa na salfa huungua. Shura hutoa oksijeni. Kwa hiyo moto wake hauhitaji hewa kutoka nje, na ndiyo maana unaweza kuwaka ndani ya kopo lililozibwa.

Baruti hii si ngeni kwetu. Wazee wa pwani na wa bara waliijua kupitia gobori, bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mwaka 1890 mataifa makubwa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini gobori za jiwe la cheche zisizo na mistari ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango kwa masharti. Maana yake ni kwamba wakati Ulaya ilipokuwa ikihamia baruti mpya, sisi tulibakizwa na ile ya kale. Hayo ni ya kusikitisha, lakini turudi kwenye moshi.

Moshi huu unatoka wapi? Katika miaka ya 1870, Waingereza wawili, Andrew Noble na Frederick Abel, walifungia baruti nyeusi ndani ya vyombo vizito vya chuma, wakaiwasha, kisha wakapima kilichobaki. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki kuwa vitu vigumu, yaani chumvichumvi na masizi. Fikiria hilo, msomaji. Kazi ya baruti ni kutoa hewa ya kusukuma kichwa cha risasi, lakini zaidi ya nusu yake haisukumi chochote! Sehemu moja hurushwa nje kama vumbi laini jeupe, na huo ndio moshi wetu wa filamu. Sehemu nyingine hugandamana ndani ya mtutu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Bastola maarufu ya makauboi ni Colt ya mwaka 1873, ile ya silinda yenye matundu sita. Risasi yake, .45 Colt, ilitiwa baruti nyeusi ya hadi punje 40. Punje ni kipimo cha Kiingereza cha zamani, na punje 40 ni kama gramu 2.6, karibu nusu ya kijiko cha chai. Zaidi ya nusu ya hiyo ni gramu moja na nusu hivi ya masizi na moshi kwa kila risasi. Piga risasi sita, utapata takriban gramu 9. Zimwage gramu 9 za unga laini mbele ya uso wako ndani ya chumba kilichofungwa, kisha uniambie kama utamwona adui. Kwa hiyo filamu haikudanganya.

Siku hizo kipimo cha baruti kiliandikwa hata kwenye jina la risasi. Ukisikia risasi inaitwa .44-40, namba ya kwanza ni upana wake kwa inchi, yaani kama 0.44 hivi, na namba ya pili ni punje za baruti nyeusi. Kadhalika .32-20. Mtu aliposoma jina alijua ndani mna nini. Nami naona huo ulikuwa ustaarabu mzuri, maana leo risasi ina jina lisiloeleza lolote kuhusu tumbo lake.

Sasa tunafika kwenye kiini, na hapa naomba usiruke mistari. Ganda la .45 Colt lilifanywa refu kwa sababu moja tu: lilihitaji kubeba baruti nyeusi nyingi. Baruti nyeusi ni dhaifu, kwa hivyo ni lazima uijaze. Tena hujazwa hadi iguse kitako cha kichwa cha risasi, na kushindiliwa kidogo, pasibaki nafasi tupu. Wataalamu wanaonya kwamba nafasi tupu baina ya baruti hii na kichwa cha risasi inaweza kuutia mtutu uvimbe, au hata kuupasua. Kwa hiyo fundi wa zamani hakuhitaji mizani nzuri. Alichota, akajaza, akafuta juu, akaziba. Ganda lenyewe lilikuwa ndiyo kipimo chake. Hata angetaka kutia mara mbili asingeweza, maana baruti ingemwagika.

Kisha mwaka 1884 Mfaransa mmoja aliyeitwa Paul Vieille akatengeneza baruti ya aina nyingine kabisa. Hii haikuwa mchanganyiko wa makaa na shura. Ilitokana na pamba iliyotiwa asidi. Ikiungua, karibu yote hugeuka hewa. Haina moshi wa kutajika, haina masizi mengi, na nguvu zake ni mara kadhaa ya baruti nyeusi kwa uzito uleule. Wafaransa wakaiingiza jeshini mwaka 1886 pamoja na bunduki yao ya Lebel. Alfred Nobel, yule wa tuzo, akaja na yake mwaka 1887. Waingereza nao wakapata kodaiti mwaka 1889, na mmoja wa waliohusika alikuwa yuleyule Abel aliyepima masizi. Bastola za Webley za jeshi la Uingereza, zilizoanza kazi mwaka 1887, zilizaliwa zikila baruti nyeusi, kisha zikaachishwa na kulishwa kodaiti.

Utasema, vizuri, basi tatizo liko wapi? Si tuitupe ile ya kale tutumie hii mpya? Tatizo ni chuma. Na tena tatizo ni namna baruti hizi mbili zinavyoungua.

Nilipokuwa shule ya msingi, binamu yangu alicheza na vichwa vya kiberiti. Vikiwa vimetandazwa juu ya jiwe, viliwaka fuu! na kuisha, tukacheka. Siku aliyovifungia ndani ya kitu, sitasema nini, kilipasuka na kumwacha bila nyusi, na kovu mkononi analo hadi leo. Vitu ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba hewa ilikosa pa kwenda. Ndani ya bastola mambo ni hayohayo, isipokuwa kwamba hewa ina njia moja, nayo ni kukisukuma kichwa cha risasi mbele.

Baruti nyeusi inapobanwa hivyo, kasi yake ya kuungua haipandi sana. Inaungua kwa mwendo wake, kama mzee anayetembea hata mvua inyeshe. Baruti isiyotoa moshi ni tofauti. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyoungua kwa kasi, na kadiri inavyoungua kwa kasi ndivyo inavyozidi kubanwa. Ni kama moto wa nyasi kavu uliopata upepo, ambao wenyewe unazua upepo zaidi. Ndani ya chuma imara na kwa kipimo sahihi, jambo hilo ni zuri. Ndani ya chuma cha mwaka 1873 ni msiba.

Nitatoa mfano wa namba. Ukienda kituo cha petroli kujazwa upepo, gurudumu la gari dogo huwekewa 30 hivi, yaani pauni 30 kwa kila inchi mraba. Marekani kuna shirika la watengenezaji wa silaha liitwalo SAAMI, lililoanzishwa mwaka 1926, ambalo huweka mpaka wa mbano kwa kila aina ya risasi. Mpaka wa .45 Colt ni 14,000 kwa kipimo hichohicho cha gurudumu. Hiyo peke yake inatisha. Lakini mpaka wa risasi ya bastola ya kisasa ya milimita 9 ni 35,000, mara mbili na nusu! Na ganda la milimita 9 ni fupi na dogo kuliko la .45 Colt. Mpaka wa .45 Colt umewekwa chini kwa sababu duniani bado kuna bastola kuukuu zinazoweza kuila.

Sasa mchukue mtu asiyejua, mpe ganda la .45 Colt na baruti isiyotoa moshi. Akijaza ganda kama babu yake alivyojaza, hiyo si risasi tena. Hilo ni bomu dogo lililowekwa sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake. Silinda hupasuka, chuma cha juu huruka, na aliyeshika ndiye wa kwanza kuumia. Kampuni ya Colt yenyewe ilianza kuzidhamini bastola zake za mwaka 1873 kwa baruti isiyotoa moshi mwaka 1900 tu, baada ya kubadilisha chuma. Zile za kabla ya hapo, kila mtaalamu niliyemsoma anasema: baruti nyeusi au mbadala wake, basi.

Tena kuna hatari nyingine ambayo ni ya kimyakimya. Ganda la .38 Special lilianza mwaka 1898 likiwa la baruti nyeusi, na mara tu likahamishiwa baruti mpya. Lakini urefu wa ganda haukubadilishwa. Lina milimita 29 hivi, ilhali la milimita 9 lina 19 tu. Kwa hivyo mpaka leo ganda hilo hubeba baruti kidogo sana chini, kama chai iliyobaki katika birika kubwa. Nafasi kubwa iliyobaki huruhusu mtu anayejaza risasi mwenyewe kutia kipimo mara mbili bila kugundua, kwa sababu bado halijajaa. Mzee wa baruti nyeusi hakuwa na wasiwasi huo hata kidogo.

Bila shaka unajiuliza, ni nani basi anayetaka mambo haya ya kale leo? Wapo, tena wengi, huko Marekani. Mwaka 1987 kulianzishwa chama kiitwacho Single Action Shooting Society. Wanachama huvaa mavazi ya karne ya 19, hujipa majina ya kubuni ya kikauboi, kila mmoja lake, na kushindana kulenga shabaha za chuma kwa bunduki na bastola za mitindo ya kale. Wengi hutumia bastola mpya zilizoigwa kutokana na za zamani. Nyingi hutengenezwa Italia na makampuni kama Uberti, iliyoanza mwaka 1959. Chuma cha bastola hizi za risasi ni cha kisasa, kwa hivyo risasi za kawaida za dukani zinafaa. Lakini kuna kundi la washindani ambalo sheria zake zinadai moshi: baruti nyeusi au mbadala wake, hakuna kingine. Kuna na wale wenye bastola halisi za babu zao, ambazo hazina hiari. Na bastola za kuigwa za aina ya zamani zaidi, zile zisizotumia ganda, mara nyingi mtutu wake huandikwa kabisa kwamba ni za baruti nyeusi peke yake.

Basi kwa nini "mbadala"? Kwa nini wasinunue ile nyeusi yenyewe? Jibu ni la dukani na la kisheria. Baruti nyeusi huwashwa na cheche ndogo sana, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa kilipukaji kamili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu vilipukaji iliwabana wauzaji kwa leseni na ghala maalumu. Muuza duka wa kawaida aliona heri asiiweke kabisa kuliko kupata taabu hiyo. Baruti isiyotoa moshi, ambayo ina nguvu kuliko yenyewe, iliruhusiwa kukaa rafuni kwa masharti mepesi, kwa sababu ikiwa wazi huungua tu bila kulipuka kwa kishindo. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hivyo palihitajika kitu cha tatu: chenye tabia ya baruti nyeusi ndani ya bastola, na tabia ya mpole zaidi ndani ya duka.

Aliyekipata ni Mmarekani mmoja, Dan Pawlak. Alichukua vitu vilevile vya baruti nyeusi akaongeza vingine, vikiwemo vya kuifanya isiwe nyepesi kushika moto. Akaiita Pyrodex. Kampuni ya Hodgdon ya Kansas, ya jamaa waliokuwa wakiuza baruti tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iliiingiza sokoni mwaka 1976. Wapenzi wa silaha za kale wakafurahi. Lakini Januari 1977 moto ulizuka katika kiwanda cha Pawlak jimboni Washington, naye akafa pamoja na wenzake kadhaa waliokuwa kazini. Mtu aliyetafuta baruti salama aliuawa na kazi hiyohiyo! Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini kwa muda. Baruti iliyo tayari imefungwa kwenye kopo ni jambo moja, na kuitengeneza ni jambo jingine. Hodgdon hawakuacha. Walijenga kiwanda kipya Herington, Kansas, na Pyrodex ikaendelea kuuzwa.

Na hapa kuna mtego mmoja ambao Mkenya yeyote aliyewahi kwenda sokoni atauelewa haraka kuliko Mmarekani. Unaijua gorogoro? Mama akikutuma gorogoro moja ya mahindi na nyingine ya makapi, zote mbili zitajaa mkebe uleule, lakini ukizibeba utajua ipi nzito. Baruti nyeusi kwa desturi hutajwa kwa uzito: punje 30, punje 40. Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, lakini ilipangwa ili mkebe mmoja wake ufanye kazi ya mkebe mmoja wa baruti nyeusi. Ni gorogoro kwa gorogoro, si kilo kwa kilo. Mtu akichukua mizani na kupima punje 40 za Pyrodex kwa uzito, ametia nyingi kuliko zinazotakiwa. Kwa hivyo wanaoitumia hupima kwa kikombe kidogo, kama mama mboga, na huo mkebe mdogo ndio mizani yao. Kosa la kuchanganya vipimo hivi viwili limetajwa katika maelezo yote niliyosoma, hadi nikahisi wananisema mimi.

Mbadala mwingine wa Hodgdon, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaitwa Triple Seven. Huu hauna salfa kabisa, kwa hivyo hauna ile harufu ya yai viza. Lakini hauko gorogoro kwa gorogoro! Nguvu zake zimezidi za baruti nyeusi kwa kama asilimia 15 kwa ujazo uleule, na watengenezaji huagiza kipimo kipunguzwe kiasi hicho. Tena hauhitaji kushindiliwa kwa nguvu. Sasa mhurumie mtu mwenye makopo matatu rafuni: moja la baruti nyeusi, moja la Pyrodex, moja la Triple Seven. Yote yanatoa moshi, yote ni chengachenga za rangi ya giza, na kila moja lina amri zake. Na akikosea akachukua kopo la nne, lile la baruti isiyotoa moshi, yale ya silinda niliyoyasimulia ndiyo yatakayomfika. Ndiyo maana wenye busara huacha kila baruti ndani ya kopo ililokuja nalo, na juu ya meza huweka moja tu kwa wakati mmoja.

Je, mbadala ni bora kuliko baruti nyeusi? Maoni yangu, ni bora kwa mwenye duka, si kwa bastola. Kwanza ni ngumu kuwaka, kwa hivyo inahitaji fataki kali. Kwenye gobori ya jiwe la cheche haifai, cheche za jiwe hazitoshi. Ndani ya ganda hakuna shida hiyo, kwa sababu fataki iko palepale kitakoni. Pili, Pyrodex huacha chumvi yenye klorini. Watu wa Mombasa na Malindi wanajua chumvi hufanya nini kwa mabati. Mtutu ulioachwa usiku mmoja tu bila kuoshwa unaweza kuanza kushika kutu. Baruti nyeusi nayo huleta kutu kwa sababu masizi yake hunyonya unyevu, lakini watumiaji wengi husema ya mbadala huo ni mbaya zaidi.

Masizi haya yana mambo mengine. Bastola ya silinda ina nafasi nyembamba sana baina ya silinda na mtutu. Masizi yakijaa hapo, silinda inakataa kuzunguka na kauboi anabaki akivuta bure. Dawa yake ni mafuta ya kulainisha, yanayopakwa katika mifereji ya kichwa cha risasi. Hayo yasiwe ya petroli, maana grisi ya gari ikikutana na masizi haya hugeuka kuwa kitu kama lami. Wanatumia nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Hebu fikiria, nchi iliyopeleka watu mwezini, na bado kwa jambo hili wanarudi kwenye mzinga wa nyuki!

Nilipenda pia kujua kwamba .44-40 husifiwa kuliko .45 Colt kwa kazi hii. Mdomo wa ganda la .44-40 ni mwembamba, kwa hivyo baruti ikiwaka hutanuka haraka na kuziba kabisa tundu la silinda, masizi yasirudi nyuma. La .45 Colt ni nene zaidi, halitanuki vizuri kwa mbano mdogo, na mshika bastola hupata mikono na uso mweusi. Yaani mambo ya unene wa shaba tu, usioonekana kwa macho.

Siku hizi upatikanaji wa baruti nyeusi yenyewe huko Marekani umekuwa wa mashaka. Iliyojulikana zaidi ilikuwa Goex. Mwaka 2021 Hodgdon, waliokuwa wenyewe wakati huo, walitangaza kukifunga kiwanda chake cha Louisiana. Wapenda moshi wakapiga mayowe. Mwaka 2022 kampuni ya Estes, wale watengenezaji wa roketi ndogo za kuchezea, wakakinunua, kwa sababu na hizo roketi zao hutumia baruti nyeusi.

Kilichobaki ni usafi, na hicho ndicho kilichonishangaza kuliko yote. Dawa ya masizi ya baruti nyeusi, na ya mbadala zake, ni maji. Si mafuta ya taa, si petroli. Chumvi huyeyuka katika maji, basi. Jioni baada ya mashindano, wale mabwana wenye majina ya kikauboi hutengua bastola zao, huchemsha birika, humimina maji moto na sabuni ndani ya mtutu hadi yatoke meupe, huacha chuma kikauke kwa joto lake, kisha hupaka mafuta. Maganda ya shaba nayo hutumbukizwa katika maji ya sabuni mara tu baada ya kufyatuliwa, la sivyo huanza kuota madoa. Kazi hiyo hufanywa jioni ileile, hata kama mtu amechoka namna gani.

Mwalimu alipoisoma makala hii alitikisa kichwa, akasahihisha tahajia mbili, akaniuliza kama swali la filamu nimelijibu. Nikamwambia, "Nimelijibu, Mwalimu. Moshi ule ulikuwa wa kweli." Ila nina lalamiko moja kwa mtengenezaji wa filamu ile. Yule bwana wa kofia pana alipigana siku tatu mfululizo, jangwani na mtoni, na sikumwona akichemsha maji hata mara moja.